Aya Aliyoiruka Bibi Lubaba

Husimuliwa na wenye elimu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja mdogo wa kando ya mto Dijla, mwendo wa siku mbili kutoka Wasit, alikuwako mjane mmoja aitwaye Lubaba. Umri wake ulikuwa umepita hamsini. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za sufu. Wanawake wa mji walimletea sufu iliyokwisha kuoshwa, naye akawarudishia nyuzi, akala katika ujira huo na kutoa sadaka humo humo. Hakuwa mwingi wa maneno, na hapakuwa na aliyemjua ila kwa wema.

Katika mji huo alikuwako pia mwalimu wa wanawake, Bibi Amra, mke wa imamu wa msikiti wa sokoni. Kila Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri wanawake walikusanyika uani kwake, akawasomesha Kitabu cha Mwenyezi Mungu na kuwasahihisha makosa yao. Alikuwa mkali wa masomo. Mwanafunzi akikosea herufi humrudisha mwanzo wa ukurasa, awe kijana au awe bibi kizee.

Ikawa Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Muharram. Bibi Amra alipomaliza darasa aliwaambia: "Mwaka umeingia. Hauna swala yake wala funga yake kwa sababu ya upya wake, msije mkazua yasiyokuwamo. Lakini msafiri akifika kituoni hutazama alikotoka na anakokwenda. Nataka kila mmoja wenu aniambie jambo moja analolikusudia mwaka huu kwa ajili ya Mola wake. Moja tu. Mkinitajia kumi nitajua mnajisifu."

Mmoja akasema atafunga Jumatatu na Alhamisi. Mwingine akasema ataacha kumsengenya wifi yake, na wenzake wakacheka, kwa kuwa wifi mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni pake. Zamu ikamfikia Bibi Lubaba.

"Mimi nataka kuihifadhi ile sura ndefu kuliko zote," alisema.

Wakatazamana. Kichwa cha mtu wa miaka hamsini si kama cha mtoto wa chuoni, na Lubaba hakujua kusoma. Alihifadhi kwa kusikiliza tu.

"Ina aya mia mbili themanini na sita," Bibi Amra akamkumbusha.

"Nimeuliza, mwalimu. Nikishika moja kila siku, mwaka utakwisha nami nimebakiwa na siku za kurudia."

Bibi Amra akamtazama, kisha akasema: "Nimekukubalia, kwa sharti moja. Aya ikikuamrisha jambo, usiivuke mpaka umelifanya. Na ikikukataza jambo, usiivuke mpaka umeliacha. Ukiweza hivyo, njoo kila siku baada ya alasiri nikusikilize."

Lubaba akaridhia. Akatoka pale na moyo mwepesi.

Zikapita siku, na mambo yakaenda vizuri. Asubuhi alikuwa akisokota sufu huku akirudia aya ya siku ile, na jioni akaisoma mbele ya mwalimu wake. Alipofika kwenye aya inayowalaumu wanaokata yale ambayo Mwenyezi Mungu ameamrisha yaungwe, alikumbuka kwamba hajasemezana na dada wa marehemu mumewe tangu siku ya matanga. Akafunga safari hadi kijijini kwao, akakaa huko siku sita, wakalia na wakacheka, akarudi. Hakuzihesabu siku zile kuwa ni hasara. Watu wakamsifu, nao wanawake wakaanza kumwita kwa utani "hafidhi wetu".

Mwezi wa Safar ukielekea kwisha, alikuwa amefikia aya ya arobaini na moja. Siku iliyofuata alikuja kwa Bibi Amra kama kawaida yake, akaanza kusoma. Akafika ya arobaini na moja, kisha akaingia katika ile inayoamrisha swala na zaka.

"Umeruka," Bibi Amra akasema.

"Niwie radhi, mwalimu."

Akarudi nyuma aya tatu, akasoma, na alipofika mahali pale akairuka tena. Bibi Amra akamsomea ile aya, nayo ni ile inayomkataza mja kuificha kweli anayoijua. Akamwambia airudie. Lubaba akafungua kinywa, akasema neno la kwanza, akanyamaza.

"Hii ni aya fupi, Lubaba. Umehifadhi zilizo ndefu mara tatu kuliko hii."

"Leo nimechoka, mwalimu."

Akaaga. Na kwa siku kumi na moja hakuonekana tena uani pale.

Sasa hebu tulieleze lililokuwa moyoni mwake, kwani bila ya hilo kisa hakieleweki.

Miaka ishirini nyuma, Lubaba alijaaliwa mtoto wa kiume, akafariki akiwa na siku tisa. Kifua chake kilikuwa kimejaa maziwa na mikono yake mitupu. Wakati ule mke wa Thabit, mfanyabiashara wa nafaka, naye alikuwa amejifungua. Mwanamke huyo aliitwa Khawla, na mtoto wake Mundhir. Maziwa ya Khawla yalikauka mapema, naye akaona haya kubwa, kwa sababu mama wa mumewe aliyekuwa akiishi nao alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba mwanamke asiyeweza kumnyonyesha mwanawe hana asili. Khawla akamwita Lubaba kwa siri. Kila asubuhi Lubaba akaenda nyumba ile kwa jina la kusokota sufu, mlango wa chumba ukafungwa, akamnyonyesha Mundhir mpaka akashiba. Jambo hilo likaendelea kwa muda wa miezi minne, hata mtoto akazoea maziwa ya mbuzi. Khawla akamwapisha asimwambie mtu. Kisha, kwa shukrani, akampa nyumba ndogo akae, nayo ilikuwa ni katika mirathi ya baba yake.

Na katika miezi ile ile, jirani mmoja wa Lubaba aitwaye Rubab alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa ya uzazi. Mumewe, Harith, mtengenezaji wa matandiko ya ngamia, alikuwa amekwenda Hija. Lubaba akamchukua mtoto yule, jina lake Sukayna, akamnyonyesha siku arobaini, mpaka Rubab akainuka. Rubab aliishi miaka minne tu baada ya hapo, akafariki.

Rubab hakuwahi kujua habari za Mundhir, kwa ajili ya kile kiapo. Wala Khawla hakuwahi kujua habari za Sukayna, kwa kuwa Lubaba aliogopa bibi yule asije akachukia kwamba maziwa ya mwanawe yanagawiwa mwingine. Kwa hiyo duniani hapakuwa na mtu anayejua kwamba Mundhir na Sukayna wamenyonya kifua kimoja, isipokuwa Lubaba. Na inajulikana kwa kila Mwislamu kwamba waliokwisha kunyonyeshwa na mwanamke mmoja ni ndugu, na ndoa baina yao haifai, kama isivyofaa kwa waliozaliwa tumbo moja.

Miaka ishirini ikapita, na katika mwezi wa Dhulhijja wa mwaka uliokwisha, Thabit akamposea mwanawe Mundhir huyo huyo Sukayna, binti ya Harith. Na mke wa pili wa Harith akamletea Lubaba sufu asokote nyuzi za mablanketi ya bibi harusi. Akazisokota! Alijiambia kwamba posa nyingi huvunjika zenyewe, na kwamba ameapa, na kiapo ni kiapo. Alijiambia pia kwamba atapata wakati mzuri wa kusema, ila si huu. Kisha mwaka ukaingia, akaitafuta ibada kubwa, ngumu, itakayomshughulisha asubuhi na jioni. Moyo wa mwanadamu una hila hiyo: hujipangia safari ya mbali ili usipite mlango wa jirani.

Siku ya kumi na mbili Lubaba akaja kwa Bibi Amra. Hakuja kusoma. Akamweleza yote, bila ya kutaja majina, kisha akauliza: "Je, nikinyamaza kwa sababu ya kiapo, nina udhuru?"

Bibi Amra akasema: "Mtu akiapa kufanya jambo, kisha akaona kheri iko katika kinyume chake, afanye lenye kheri na atoe kafara. Alishe masikini kumi."

"Sina cha kuwalisha masikini kumi."

"Basi ufunge siku tatu. Na harusi ni lini?"

"Kumi na tano ya Rabiul-Awwal."

Bibi Amra akashika kichwa. Ilikuwa imebaki chini ya wiki mbili. "Lubaba," alisema, "wamekwisha kushona nguo za harusi?"

"Wamekwisha. Nyuzi za mablanketi nimesokota mimi."

Bibi Amra hakumkemea. Alisema tu: "Anza na mama wa kijana. Ana haki ya kusikia kwako kabla ya kusikia sokoni."

Lubaba akaenda kwa Bi Khawla asubuhi ya siku ya pili. Akamkuta amezungukwa na vitambaa, yuko radhi na dunia. Bi Khawla akamkaribisha vizuri, akaagiza tende na maziwa. Lubaba akamwomba awatoe watumishi, nao wakatoka.

"Bi Khawla, dada yangu, Mundhir hawezi kumwoa Sukayna."

"Kwa nini? Binti ana nini?"

"Hana kitu. Ni dada yake. Nimemnyonyesha siku arobaini, miezi ile ile niliyokuwa nikija hapa."

Bi Khawla akaweka chini kitambaa alichokishika.  Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Umekaa miezi mitatu na habari hii, na leo ndiyo unaileta?"

"Nimekosa. Naomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu, na kwako."

"Umezeeka, Lubaba. Huenda umesahau. Huenda alikuwa mtoto mwingine."

"Nimezaa mtoto mmoja nikamzika. Watoto niliowanyonyesha baada yake ni wawili tu. Nitawasahau vipi?"

Bi Khawla akainuka, akaenda mpaka dirishani. "Uliniapia," alisema. "Miaka ishirini mume wangu anajua kwamba nilimlea mwanangu mwenyewe. Mama yake amekufa akijua hivyo. Wataka nisimame leo, na mvi hizi, niseme nilikuwa mwongo?"

"Sitaki ufedheheke. Nataka watoto hawa wasiingie katika haramu."

"Nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ni yako, Bi Khawla."

"Basi kalifikirie hilo."

Lubaba akaenda zake. Alisema baadaye kwamba njia ile kutoka kwa Bi Khawla mpaka nyumbani kwake hajapata kuiona ndefu kama siku ile. Alikuwa na hofu kweli kweli. Alifika, akajitanda, akachukua mkeka wake na chombo chake cha kusokotea, akatoka katika nyumba ile kwa miguu yake kabla hajafukuzwa, kwani alijijua: akilala humo usiku mmoja zaidi huenda angebadili nia. Akaenda kwa Bibi Amra, naye akampa chumba cha nyuma kilichokuwa kikiwekwa kuni. Kisha akaenda kwa kadhi wa mji.

Kadhi akawaita wote: Thabit, Bi Khawla, Mundhir, na Harith baba wa binti. Wanawake wakakaa nyuma ya pazia. Lubaba akasema aliyo nayo kwa maneno machache.

Harith akasema kwa hasira: "Mke wangu Rubab hakuniambia neno hilo hata siku moja!"

"Ulikuwa Makka," Lubaba akajibu, "na uliporudi ulimkuta amepona. Labda hakutaka kukutia huzuni."

Kadhi akauliza: "Bi Lubaba, una shahidi?"

"Sina, ewe kadhi. Aliyekuwa shahidi wa binti amefariki. Wa kijana ni Bi Khawla."

"Bi Khawla, mama huyu aliwahi kumnyonyesha mwanao?"

Nyuma ya pazia zikasikika bangili. Kisha sauti ikasema: "Alikuwa akija kwetu kusokota sufu."

Kadhi akaona jibu lile si jibu. Akauliza mara ya pili. Sauti ikasema: "Sikumbuki."

Basi kadhi akasema: "Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ushahidi wa mwanamke mmoja katika jambo hili. Siwezi kuivunja posa kwa nguvu, wala siwezi kuwaambia mlale na shaka hii kwa raha. Harusi nimeiakhirisha mwezi mmoja. Mwenye kujua lolote na aje."

Mwezi ule ulikuwa mzito kwa Lubaba. Mji ulisema yake. Waliosema ana wivu kwa kuwa hakubakiwa na mtoto walikuwako, na waliosema ametumwa na wapinzani wa Thabit katika biashara walikuwako. Wengi waliacha kumletea sufu. Yule bibi aliyeahidi kutomsengenya wifi yake, ahadi yake aliitimiza, kwani sasa alikuwa na Lubaba wa kumsengenya. Lubaba alifunga zile siku tatu za kafara. Kisha akaisoma ile aya mbele ya Bibi Amra, ikatoka bila ya kukwama, na siku iliyofuata akashika iliyo baada yake. Siku nyingine alikuja akiwa amelia. Bibi Amra alimsikiliza na kumsahihisha herufi zake kama kawaida, na Lubaba alisema kwamba ukali ule wa kawaida ndio uliomsimamisha.

Zikabaki siku tano mwezi utimie. Hakuna aliyekwenda kwa kadhi. Thabit akasema kwamba maneno yamekwisha, na mapishi yaanze.

Mundhir alikuwa kijana mcha Mungu na mwenye adabu kwa mama yake. Alimpenda Sukayna, hilo hakulificha. Alikuwa amemsikiliza Lubaba mbele ya kadhi na alikuwa amelisikia pia jibu la mama yake, na tangu siku ile chakula hakikumpita vizuri. Asubuhi moja akaingia chumbani kwa mama yake, akakaa chini mbele yake.

"Mama," alisema, "sitakuuliza nilinyonya wapi. Kadhi amekuuliza mara mbili na inatosha. Mimi nitakuomba neno moja tu. Niambie: nenda kamwoe. Ukisema hivyo nitakwenda, na nitajua kwamba mama yangu hawezi kunituma motoni."

Bi Khawla akamtazama. Akafungua kinywa aseme, na hakuweza. Alijaribu tena. Mundhir alikaa pale pale, hakumhimiza.

"Usiende," akasema mwishowe. Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akamweleza yote, tangu siku ya kwanza.

Mundhir akalia, na mama yake akalia. Kijana akamshika mkono, akamwongoza mpaka barazani alipokuwa baba yake, na Bi Khawla akasema mbele ya mumewe: "Mwanao alinyonyeshwa na Lubaba miezi minne. Mimi sikuwa na maziwa. Niliona haya, nikaficha."

 Thabit alikuwa mtu mwepesi wa hasira, na mkewe alikuwa akingoja apigiwe kelele. Lakini alisema kwa upole: "Mama yangu alikufa miaka kumi na miwili iliyopita, Mungu amrehemu. Muda wote huu ulikuwa unamwogopa nani?"

Bi Khawla akajitanda mtandio wake.

Siku ile ile akaenda kwa kadhi, akatoa ushahidi wake mbele ya wale wale waliomsikia mwanzo, na posa ikavunjwa. Kutoka huko akaenda nyumbani kwa Bibi Amra. Akamkuta Lubaba katika chumba cha kuni, akamwomba radhi, na akamwandikia ile nyumba ndogo iwe milki yake, mbele ya mashahidi wawili. Lubaba hakujifanya kukataa. Alimsamehe, akaichukua nyumba, akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudisha mkeka wake.

Wanawake nao wakarudi na sufu zao, mmoja mmoja, baadhi yao wakiinamisha macho.

Ama ile sura, hakuimaliza. Mwaka ulipokwisha, alikuwa ameshika aya mia moja na sabini na sita, na amesimama mbele ya ile aya ndefu inayoeleza wema ni nini: imani, na kutoa mali kwa jamaa na mayatima na masikini, na kutimiza ahadi, na kusubiri katika shida. Bibi Amra akamwambia: "Hukukitimiza ulichokikusudia."

"Sikukitimiza."

"Sasa?"

"Sasa naendelea na hii. Nadhani itanichukua muda."

"Itakuchukua," Bibi Amra akasema, akamfungulia darasa.

Linabaki jambo la Sukayna. Watu walimsahau katika maneno yao, na yeye ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuwa amekwisha kuitwa bibi harusi, kisha akaambiwa bwana harusi ni kaka yake. Miezi mingi hakutaka hata kulisikia jina la Lubaba. Mundhir alimtumia salamu kwa heshima, kama kaka anavyomtumia dada yake, na hakuzijibu. Hakuna aliyemlaumu.

Katika mwezi wa Safar wa mwaka uliofuata, adhuhuri moja, akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni kwa Lubaba, akakataa kuketi.

"Nilikuchukia," alisema. "Sikuja kukuomba radhi."

"Ulikuwa na haki, mwanangu. Ningesema siku ya kwanza ya posa, usingeumia hivi."

Binti akabaki amesimama. Kisha akauliza lile lililomleta. "Mimi simkumbuki mama yangu. Baba hapendi kumzungumza mbele ya mkewe. Wewe ulikuwa naye siku zile arobaini. Alikuwaje?"

Lubaba akaweka chini sufu yake.

"Alikuwa na homa kali," alisema. "Mchana mwingi hakujitambua. Lakini kila alipozinduka alitaka aletewe wewe. Nami nikikuleta, hataki ulazwe kifuani wala karibu na uso wake. Alikuwa akiniambia: mlaze miguuni pangu, nisimpulizie ugonjwa. Basi nakulaza miguuni pake, naye ananyoosha vidole vya mguu mpaka vinakugusa, halafu anafumba macho. Nilikuwa nikifikiri amelala. Halafu naona midomo inatikisika, anakuombea."

Sukayna akaketi. Alikaa pale mpaka swala ya alasiri ikaadhiniwa, akiuliza na kujibiwa, na walipoinuka kwenda kutawadha alimwita Lubaba mama.

Ndugu zangu, kila Muharram unapoandama mimi huulizwa na vijana wa darasa langu waweke nia gani kwa mwaka unaokuja. Huniletea karatasi zilizoandikwa vizuri: juzuu za kuhifadhi, siku za kufunga, rakaa za kuongeza. Ni mambo mema, na simzuii mtu. Ila nawaomba waitazame karatasi tena wajiulize ni lipi ambalo hawakuliandika, na kwa nini mkono ulilikwepa. Mwenyezi Mungu hana haja na wingi wa tunayompangia. Huenda kwa mmoja wetu anataka mwaka mzima aya moja tu, ile tunayoiruka. Tunamwomba Mola atupe ulimi wa kuisoma na moyo wa kuibeba, na atusamehe siku tulizochelewa. Amin.